Mbegu za farasi dume: mwongozo kamili wa kupima, kutunza na kujua tatizo liko wapi

Dume kapanda majike nane, siku 15 zimepita tangu mayai yatoke, ultrasaundi inaonyesha wawili tu ndo wameshika mimba, na hapo hapo maneno yanaanza: dume kaisha, dume auzwe, dume ahasiwe. Ngoja kwanza. Kabla hujafika huko kuna kitu kimoja naomba ukishike: mbegu unayoiona leo kwenye chupa haikutengenezwa leo. Kwa farasi mbegu moja inachukua kama siku 57 kutengenezwa ndani ya korodani, afu inapita siku nyingine 8 mpaka 11 kwenye epididimisi, ule mrija mrefu uliojikunja kwenye korodani ambako inakomaa na kupata uwezo wa kuogelea. Jumla ni zaidi ya miezi miwili. Kwa hiyo ukiona mbegu mbaya leo usiulize tu dume ana nini leo, uliza alipatwa na nini wiki tano, sita, nane zilizopita.

Mimi hili nililijua kwa uchungu. Tulikuwa na dume mzuri sana, msimu unaenda vizuri, ghafla mbegu zikashuka, zinazoogelea hazifiki hata asilimia 30. Tukabadilisha chakula, tukabadilisha ekstenda (kile kimiminika cha kuchanganyia mbegu), tukamlaumu mpaka kijana anayemshika. Siku moja nafungua daftari la dawa naona wiki sita nyuma alikuwa na homa siku tatu, joto 40, akatibiwa akapona, kila mtu akasahau. Hakukuwa na kingine. Tulimpunguzia majike, tukasubiri, zikarudi zenyewe. Tangu hapo daftari la dume halikai mbali na mimi, kila homa, kila chanjo, kila safari ndefu, kila teke alilopigwa naandika na tarehe.

Hatua ya 1: anza na majike kabla hujamgusa dume

Najua hili halipendwi lakini kesi nyingi zinaishia hapa. Jike ana mzunguko wa siku kama 21, anakuwa kwenye joto siku 5 mpaka 7, na yai linatoka mwishoni, mara nyingi ndani ya saa 24 mpaka 48 kabla joto halijaisha. Mbegu fresh za dume mzuri zinaishi ndani ya jike siku mbili na zaidi, kwa hiyo kumpandisha kila baada ya siku moja mpaka joto liishe kunatosha kabisa. Mbegu zilizopozwa na kusafirishwa zinadumu pungufu, kama siku moja hivi, na za kugandishwa zinahesabiwa kwa masaa, ndo maana wanaotumia za kugandishwa wanampima jike kwa ultrasaundi mara kwa mara ili wahimilishe (wamwingizie jike mbegu kwa mrija, bila dume kupanda) ndani ya saa 12 kabla ya yai kutoka au saa 6 baada yake. Ukikosea muda hapo hata dume awe bora kuliko wote duniani hutapata kitu.

Chukua daftari ugawe majike mafungu: wale ambao hawajawahi kuzaa, wale waliozaa mwaka huu, na wale waliokaa watupu miaka miwili mitatu. Kama walioshindwa kushika wote ni vikongwe wenye maji kwenye kizazi, dume hana kosa. Kama wasichana wazima wa miaka minne mitano nao hawashiki, hapo geuka umtazame dume. Na uhesabu kwa mzunguko, usihesabu kwa msimu. Dume mwenye majike 10 akawapa mimba 8 kwa mzunguko mmoja, na mwingine akawapa mimba 8 hao hao lakini baada ya mizunguko minne, mwisho wa msimu kwenye karatasi wanalingana na ukweli hawalingani hata kidogo.

Hatua ya 2: mwili wa dume

Mtazame akiwa ametulia. Anatembeaje? Dume mwenye maumivu ya goti la nyuma au mgongo anapanda vibaya, anashuka kabla hajamwaga, na watu wanasema hana hamu wakati hamu anayo tele, ila inamuuma. Hili linapita machoni pa watu wengi sana.

Korodani zipapase zote mbili, na mtu anayemjua awe amemshika kichwa. Ziwe laini-ngumu kama misuli iliyokazwa kidogo, zizunguke kirahisi ndani ya mfuko, zilingane kwa kiasi. Mkia wa epididimisi unapaswa kuangalia nyuma, ukiukuta mbele ujue korodani imezunguka, wengine wanaishi hivyo bila shida ila ni vizuri daktari wa mifugo ajue. Pima upana wa mfuko wote kwa kalipa, dume aliyekomaa akiwa chini ya sentimita 8 ni alama ya tahadhari, manake ukubwa wa korodani ndo ukubwa wa kiwanda. Daktari mwenye ultrasaundi anapima urefu, upana na kimo cha kila korodani, anazidisha vyote halafu anazidisha na 0.52 anapata ujazo, na ujazo huo unamwambia dume huyu anatakiwa atoe mbegu kiasi gani kwa siku. Ukikuta ujazo ni mkubwa lakini mbegu zinazotoka ni chache, kiwanda kinaumwa au njia imeziba.

Dume mwenye korodani moja iliyobaki tumboni asizalishe. Ile ya ndani haitoi mbegu kwa sababu ya joto la tumbo, homoni inatoa, ndo maana anakuwa na fujo zote za dume, na tatizo lenyewe linaweza kurithiwa.

Hatua ya 3: kuvuna sampuli bila kuiharibu

Hapa ndo pana makosa mengi kuliko sehemu zote. Nimeona madume wakihukumiwa kwa sampuli iliyouawa na mtu aliyeishika.

Uume uoshwe kwa maji ya uvuguvugu na pamba laini tu, ukaushwe vizuri. Sabuni na dawa za kuua vijidudu achana nazo, kwanza zinaua mbegu, pili ngozi ile ina bakteria wake wa kawaida wanaoilinda, ukiwafuta kila siku unawafungulia mlango wabaya kama Pseudomonas na Klebsiella, na hao wakishaingia kuwatoa ni kazi ya wiki kadhaa.

Uke bandia (kile kifaa chenye maji moto ambacho dume anamwaga ndani yake) ukiwa tayari kutumika joto la ndani liwe kati ya nyuzi 44 na 48, ukivuka 50 unapika mbegu. Chupa ya kupokelea, ekstenda, vioo vya maikroskopu, vyote viwe nyuzi 37 na viwe vikavu. Kavu kabisa! Ukitaka kuamini, chukua tone la mbegu zinazoogelea vizuri uliangalie kwenye maikroskopu, afu ongeza tone dogo la maji ya bomba pembeni. Utaona wimbi linaingia, mbegu zilizokuwa zinakimbia mbele zinaanza kuzunguka pale pale, mikia inajikunja kama ndoana, na baada ya muda mfupi uwanja wote umetulia. Ukishaliona hilo mara moja hutakaa uache chupa yenye unyevu.

Mkono mmoja uwe chini ya uume karibu na shina, utasikia mapigo ya mrija wa mkojo wakati anamwaga, mara nyingi 5 mpaka 10, na mkia wa dume unapanda na kushuka. Usipoyasikia usidanganyike kwamba kamaliza, kuna madume wanashuka kama waliomaliza na chupa ina maji maji tu. Kama mmebishana, maabara inaweza kupima kimeng'enya kiitwacho alkalini fosfatesi kwenye yale maji: kikizidi uniti 1,000 kwa lita dume kamwaga kweli, kikiwa chini ya 100 basi ama hakumwaga ama njia imeziba pande zote. Kipimo rahisi lakini kimeokoa madume wengi wasiitwe tasa. Sehemu kubwa ya mbegu iko kwenye mirusho mitatu ya mwanzo, kwa hiyo chupa ikichelewa umepoteza nyingi.

Ute mzito unaokuja mwisho uchuje kwa kichujio cha nailoni, na chupa ikingwe na jua na baridi. Ndani ya dakika chache changanya na ekstenda ya maziwa na glukosi iliyopashwa joto lile lile.

Hatua ya 4: kuhesabu

Hesabu nne tu. Ujazo bila ute, kwa kawaida mililita 30 mpaka 100. Idadi kwa mililita, mara nyingi milioni 100 mpaka 350. Asilimia zinazoogelea kwenda mbele, dume mzuri anatoa 60 na kuendelea. Na asilimia zenye umbo zuri, nayo 60 hivi inaridhisha.

Kosa la wengi ni kung'ang'ania hiyo ya pili, wanasema "mbegu za leo nyepesi". Nyepesi sio shida! Dume akichezeshwa na jike muda mrefu kabla ya kupanda anaongeza maji na ute, mbegu ni zile zile, kwa hiyo chupa inaonekana nyepesi na hakuna kilichopungua. Zidisha ujazo kwa idadi upate jumla, hiyo jumla ndo ya kulinganisha. Mfano: mililita 60 mara milioni 150 ni bilioni 9. Zinazokwenda mbele asilimia 60, ni bilioni 5.4. Dozi ya mbegu fresh ni milioni 500 zinazokwenda mbele, unapata dozi 10. Ukitaka kupoza na kusafirisha unaweka bilioni 1 kwa dozi kwa sababu njiani zinapungua, unabaki na 5.

Uogeleaji pima kwenye tone lililochanganywa na ekstenda mpaka mbegu ziwe milioni 25 mpaka 30 kwa mililita, zikiwa nzito zinagongana na jicho linadanganyika. Zile zinazozunguka duara usizihesabu kama zinakwenda mbele, kuwa mkali na nafsi yako hapo.

Kipimo kamili kabla ya msimu kinakwenda hivi: dume apumzike wiki moja, vuna mara moja, subiri saa moja, vuna tena. Sampuli ya pili inatakiwa iwe na mbegu kama nusu ya ile ya kwanza, na ndani yake ziwepo angalau bilioni 1 ambazo zinakwenda mbele na zina umbo zuri. Anayefaulu anategemewa kuwapa mimba asilimia 75 ya majike 40 kwa kupanda, au majike 120 kwa uhimilishaji, ndani ya msimu mmoja. Ya pili ikiwa na nyingi kuliko ya kwanza, au hazina tofauti, jiulize kama ile ya kwanza ilitoka yote. Na ukitaka kujua uzalishaji wake wa kila siku mvune kila siku kwa siku 5 mpaka 7, akiba iishe, kinachotoka mwishoni ndo anachozalisha kwa siku.

Kifanye siku 60 mpaka 70 kabla ya msimu, na sio wiki moja kabla. Ukikuta shida unakuwa na muda wa kundi jipya la mbegu kutengenezwa.

Hatua ya 5: chupa inakwambia nini

Rangi ya kawaida ni nyeupe ya kijivu kama maziwa yaliyoondolewa mafuta. Ya pinki au nyekundu ni damu, mara nyingi kidonda kwenye mrija wa mkojo au ngozi ya uume, na hata damu kidogo inapunguza mimba wakati uogeleaji kwenye maikroskopu unaonekana safi. Apumzike, daktari aingize kamera aone. Ya njano yenye harufu ni mkojo, jaribu kuvuna mara tu baada ya dume kukojoa, na changanya na ekstenda haraka. Mabonge mabonge ni usaha, hapo acha kupandisha kabisa.

Ile inayonifurahisha kuikuta, kwa sababu inatibika, ni dume aliyekaa miezi bila kufanya kazi, mbegu zinatoka nzito mno, karibu zote zimekufa, na kwenye maikroskopu vichwa vimetengana na mikia. Watu wanakata tamaa. Kumbe mbegu zimerundikana na kuzeeka kwenye ampula, ile mirija minene karibu na kibofu. Vuna kila siku au hata mara mbili kwa siku, daktari amkande ampula kwa ndani na ampe oksitosini (homoni inayobana misuli), na ghafla siku moja linatoka bonge la mbegu, baada ya hapo zinaanza kuja safi. Madume wenye tabia hii wasikae muda mrefu bila kuvunwa, msimu usiwakute wamelala.

Hatua ya 6: joto, dawa, chakula

Korodani zinataka ubaridi kidogo kuliko mwili. Dume mwenye joto la kawaida, nyuzi 37.5 mpaka 38.5, korodani zake ziko chini ya hapo. Homa, uvimbe wa mfuko, teke, kusimama siku nzima bandani bila kutembea mpaka mfuko unajaa maji, vyote vinapandisha joto. Dume mwenye homa ashushwe joto mapema kwa dawa aliyoandika daktari, atembezwe akiweza, mfuko umwagiliwe maji ya baridi. Teke kwenye korodani ni dharura, usisubiri kesho. Na unene kupita kiasi nao ni shida, mafuta yanajaa mpaka kwenye mfuko na kufunika kama blanketi.

Dawa sasa. Hapa naongea kwa uchungu: msimpe dume testosterone wala steroidi za kujenga misuli ili "awe na nguvu". Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu unaacha kuziagiza korodani zifanye kazi, zinasinyaa, mbegu zinapungua. Kuna farasi wanaotoka kwenye mashindano wanafika kwa wazalishaji wakiwa hivyo, wapewe miezi kabla hujawahukumu. Altrenogesti nayo, ile ya kumtuliza dume awe mpole, inashusha uzalishaji. Na asepromazini (dawa ya usingizi mwepesi) kwa dume iogopwe, inaweza kuuacha uume umening'inia usirudi ndani.

Chakula hakina maajabu. Nyasi nzuri, madini yaliyopimwa, maji, mwili wa wastani. Mafuta yenye DHA (aina ya omega-3), ya samaki au mwani, yamewasaidia baadhi ya madume ambao mbegu zao hazivumilii kupozwa, lakini mpe zaidi ya miezi miwili ndo upime, siku 57 zile zile. Seleniamu usimwage kwa kukisia, ikizidi ni sumu, singa zinadondoka na kwato zinapasuka.

Mwanga pia. Nchi za mbali na ikweta dume wakati wa baridi anaweza kushuka karibu nusu ya mbegu za kiangazi, ni kawaida yake, kwa hiyo linganisha mwezi na mwezi ule ule wa mwaka jana.

Hatua ya 7: usimchoshe, na usilete ugonjwa

Kijana wa miaka miwili mpe majike wachache, 10 mpaka 15. Kwa dume aliyekomaa anayekaa malishoni na majike, 20 hivi wanatosha. Anayevunwa, siku moja ndio siku moja hapana inamfaa, ukimvuna kila siku jumla inashuka na ugawaji wa dozi ubadilike. Kwa Thoroughbred (aina ya farasi wa mbio) uhimilishaji hauruhusiwi kwenye uandikishaji, ni kupanda tu, kwa hiyo ratiba ya majike ipangwe kwa ultrasaundi ili jike mmoja asile nafasi tatu.

Kabla ya msimu pima bakteria wa Taylorella equigenitalis (ugonjwa wa kuambukiza wa kizazi unaoitwa CEM), Pseudomonas, Klebsiella, na damu kwa ajili ya virusi vya arteraitisi (ugonjwa wa mishipa ya damu). Dume anaweza kubeba virusi hivyo kwenye shahawa miaka mingi akiwa mzima kabisa kwa macho, na kupozwa au kugandishwa hakuviui.

Ukipoza mbegu zishuke polepole mpaka nyuzi 5, kasi ndo inayoua kuliko baridi yenyewe. Na kila ukisafirisha bakisha kachupa kamoja kwako kwenye ubaridi ule ule, baada ya saa 24 kapashe joto ukaangalie. Mwenye jike akipiga simu kulalamika wewe una jibu mkononi.

Kwa dume mzee

Kuanzia miaka 15 hivi na kuendelea wengine wanaanza, korodani zinakuwa ndogo, laini, zinabonyea kama tunda lililolala, na idadi inashuka kila mwaka. Dawa ya kurudisha haipo, na anayekuuzia sindano ya kurudisha ujana anakula pesa yako. Kinachosaidia ni kubadilisha kazi ya upande wa pili: majike wachache na vijana, sindano ya homoni (hCG au desloreliini) kwa jike ili yai litoke kwa wakati unaojulikana, mbegu ziingizwe karibu kabisa na muda huo, na badala ya kumwaga kwenye mwili wa kizazi daktari azifikishe kwenye ncha ya pembe ya kizazi upande ule ule wenye yai. Kwa njia hiyo dozi ndogo sana kuliko ile ya milioni 500 inaweza kushika, na nimeona mzee ambaye wote walishamwandika kuwa kaisha akipata watoto misimu miwili zaidi.